Kisanduku cha Korido ya Chanjo

Mkuu wa kituo aliniomba nikitoe kisanduku cha waifai kwenye korido ya stoo ya chanjo, nikakifunge ukumbini kwa ajili ya mgeni, nami nikasema sawa. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na mkononi nilikuwa na kikombe cha chai ambacho sikukimaliza. Nilipaswa kukataa. Sababu za kukataa nilikuwa nazo, tena nilizijua zote, maana kazi yangu pale ilikuwa kuzijua. Nikasema, "Sawa, mkuu," hata kabla hajamaliza kuniomba.

Kituo chetu cha afya kiko upande wa Ujiji, mahali ambapo ukisimama kwenye ngazi za nyuma unaliona ziwa katikati ya mapaa mawili. Niliingia pale nikiwa kijana, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa redio ya upepo. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na siku hizo hicho kilitosha. Nilikaa kwenye chumba kidogo nikizungumza na zahanati za mwambao na za milimani: Ilagala wana mgonjwa, boti inakuja, huko juu barabara imekatika, msitume gari. Redio ile ilinifundisha jambo moja. Kituo chenye mlingoti mrefu na nguvu nyingi unaweza kukisikia kana kwamba mtu anaongea chumba cha pili, lakini wewe mwenye redio ndogo ukikiita, hakikusikii. Unaita, unaita, chenyewe kinaendelea na mazungumzo yake. Kulikuwa na zahanati moja ya kusini ambayo ilitusikia kila asubuhi kwa miezi mingi na sisi hatukuisikia hata mara moja. Mganga wake alipokuja mjini alinisimamia mlangoni na kunifokea mbele za watu.

"Wewe bwana redio, una kiburi! Kila siku nakusalimia, huitikii!"

Tulicheka sana, kisha nikamnunulia soda. Nimelikumbuka jambo hilo mara nyingi sana tangu hapo, ila siku niliyolihitaji sikulikumbuka.

Redio zikaondoka, simu za mkononi zikaja. Nikahamishiwa stoo, kisha jenereta, kisha kila kitu chenye waya. Umri wa kustaafu ulipofika waliniongezea mkataba kwa sababu hakuna mwingine aliyejua nyaya za jengo lile zinapita wapi. Ndipo mtandao ulipoletwa. Ulikuja na fundi kutoka Dar es Salaam, mwanamke wa miaka kama thelathini hivi, mwenye maneno machache na mkono mwepesi kwenye kazi. Alifunga visanduku saba vyeupe, kimoja kimoja kwenye kuta na dari za majengo yetu. Mafundi wenzake huviita aksesi pointi. Sisi tuliviita visanduku. Kila kimoja kilisambaza waifai kwenye eneo lake, na vyote saba viliungwa kwa waya hadi ofisini kwangu, kwenye kompyuta iliyonionyesha kila kifaa ambacho kila kisanduku kinakisikia. Kifaa kinachosikika kilikuwa na alama ya kijani. Kisichosikika, alama ya kijivu.

Alikaa nasi wiki mbili, akanifundisha kwa subira ambayo sikuitegemea kwa mtu wa umri wake. Alisema kila mahali panapofanyiwa kazi panatakiwa pasikike na visanduku viwili, ili kimoja kikifa, jirani zake wapandishe sauti na kuziba pengo. Alisema kila mwezi nizime kimoja kwa makusudi, nitembee na kifaa dhaifu kuliko vyote, nione kama kazi inaendelea. Alisema kabatini kisikosekane kisanduku cha akiba. Na alilirudia sana hili:

"Mzee, usiiamini simu yako. Simu inakwambia kwamba inakisikia kisanduku. Haikwambii kama kisanduku kinakisikia kifaa. Ukitaka kujua, kiulize kisanduku."

Kisha akanipeleka kwenye korido ya stoo ya chanjo. Ni jengo la zamani, kuta zake za mawe ni nene kama urefu wa mkono, na mlango wa stoo ni wa chuma. Tulijaribu kila namna. Stoo ile ilifikiwa vizuri na kisanduku kimoja tu, kile cha koridoni.

"Hapa ndipo penye udhaifu," alisema. "Hiki hakina wa kukisaidia. Vingine vyote unaweza kuvihamisha kukiwa na shida. Hiki usikiguse."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu na kuyapigia mstari.

Mwaka wa kwanza nilifanya kila alichosema. Nilizima, nilitembea, niliandika. Madereva walinipa jina la Mzee wa Waifai, na mtandao ukisinzia kidogo tu walianza: "Mzee, marehemu anazikwa saa ngapi?" Nilijifanya kukasirika, lakini nilipenda. Mtu wa umri wangu, aliyeanza na redio, anaitwa na madaktari vijana awaambie kwa nini kompyuta zao haziongei. Nilipenda kuliko nilivyokubali.

Stoo ya chanjo ilikuwa chini ya binti yangu.

Yeye ni kitinda mimba wangu, muuguzi wa kusomea. Hakupata kazi pale kwa mgongo wangu, na alitaka kila mtu alijue hilo, kiasi kwamba mwezi wa kwanza aliniamkia mbele za watu kama anavyomwamkia mzee yeyote. Chanjo za zahanati nyingi, za mwambao mpaka huko Kalinzi juu milimani, zilitoka kwenye majokofu yake mawili. Chanjo inataka ubaridi kati ya nyuzi mbili na nyuzi nane. Ikipata joto inaharibika, na kwa macho huioni imeharibika; chupa inabaki vilevile. Kwa hiyo alikuwa akisoma kipimo cha jokofu asubuhi na jioni, kila siku, sikukuu na mvua, na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Jumapili alitoka nyumbani kwake na mtoto mgongoni, akafungua stoo, akasoma, akaandika, akarudi.

Mtandao ulipokaa vizuri, kila jokofu likawekewa kipima joto kidogo, kama boksi la kiberiti, ambacho kilituma namba zake kwa waifai kila baada ya dakika chache. Joto likipanda, simu yake na yangu zingelia. Binti yangu hakukiamini.

"Baba, mimi naamini macho yangu."

"Macho yako yanalala. Hiki hakilali."

"Na kikinyamaza?"

"Kikinyamaza nitajua mimi. Ndiyo kazi yangu."

Tulikaa mwezi mzima akilinganisha karatasi yake na kompyuta yangu. Zililingana. Mwisho akakubali, tukaandika kanuni na kuibandika mlangoni: kipima joto kikionekana kwenye kompyuta, si lazima mtu aje Jumamosi na Jumapili, kisipoonekana, mtu aje asome. Chini yake tukaweka sahihi mbili, yake na yangu. Siku ile aliniletea nyumbani mgebuka mkubwa wa kukaanga, samaki wa ziwa letu, na kusema, "Huu ni wa Jumapili zangu zote."

Mvua za mwaka uliofuata zilikuja na radi nyingi. Watu wa kwetu wamezoea radi, lakini moja ilipiga mnazi wa jirani na kupita kwenye nyaya zetu, ikaua visanduku viwili kwa mpigo: cha ofisi ya mkuu na cha ukumbi. Cha akiba nilikifunga ofisini kwa mkuu. Ukumbi ukabaki mtupu. Niliandika kuomba vingine, barua ikaenda, majibu hayakuja, na kwa kuwa ukumbi hautumiki mara kwa mara nikaacha kuulizia. Hilo nalo ni kosa langu. Niliendelea kuandika kila mwezi kwenye daftari: akiba hakuna. Niliandika kana kwamba kuandika ndiko kuleta.

Kisha tukaambiwa mgeni anakuja.

Aliyezaliwa kwetu anajua jinsi mgeni anavyopokewa. Kukiwa na harusi au maulidi, hakuna nyumba inayosema haina. Sufuria kubwa linatoka nyumba hii, mikeka ile, sahani za jirani, viti vya msikitini au vya kanisani, na shughuli ikiisha kila kitu kinarudi kwa mwenyewe. Kituo chetu kilifanya vivyo hivyo. Mgeni wa heshima akija, mapazia mazuri yalitoka wodi ya wazazi, viti vya mapokezi vikahamia ukumbini, meza ya famasi ikavikwa kitambaa cha nyumbani kwa matroni. Kwa siku mbili wagonjwa walikaa kwenye mabenchi, na hakuna aliyelalamika, maana ilikuwa heshima ya wote. Sijawahi kuona ubaya katika desturi hiyo. Ubaya ni kwamba na mimi nilikihesabu kisanduku kuwa ni sufuria.

Mkuu wa kituo alikuwa daktari mwenye umri wa mwanangu mkubwa. Hakuwa mtu mbaya. Asubuhi ile ya Alhamisi alinifuata mwenyewe ofisini, hakuniita kwake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mkuu."

"Mgeni anataka kuona mfumo wetu ukifanya kazi. Kwenye skrini kubwa, ukumbini. Mambo ya majokofu, wagonjwa, kila kitu. Na ukumbini hamna waifai."

"Hamna. Radi."

"Niokoe, mzee. Huwezi kuazima kimoja mahali? Mahali pasipo na watu wengi. Kama pale korido ya chanjo, mle si huwa anaingia binti yetu tu?"

Nilijua daftari langu linasemaje. Lakini alisimama mbele yangu, mkubwa wangu wa kazi, ameshika mikono nyuma kama mtoto anayeomba ruhusa, na alisema "binti yetu". Nikasema sawa. Ningeweza kutoa cha mapokezi, ambacho kilikuwa na majirani wawili wa kukisaidia. Lakini mapokezi wangelalamika, na waifai ingesuasua mbele ya macho ya mgeni atakapopita. Koridoni hapakuwa na wa kulalamika. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga, na wala haikunichukua muda.

Saa kumi alasiri nilipanda ngazi nikakifungua. Ukutani kikabaki kitako chake cha plastiki na waya unaoning'inia. Mama anayefagia ukumbi aliniona nikipita nacho kwapani akaangua kicheko.

"Mzee, na hicho nacho kinaazimwa? Basi ng'oeni na bati!"

"Fagia, mama."

"Nafagia. Nyie endeleeni kuhama."

Niliporudi kwenye kompyuta niliona vipima joto viwili vya stoo vimegeuka kijivu. Kisanduku cha jengo la jirani kilikuwa kimepandisha sauti yake kama kilivyofundishwa. Nilichukua simu yangu, nikaenda hadi mlango wa stoo, nikaitazama. Alama ya waifai ilikuwa imejaa. Nikajiambia kwamba vipima joto vitajishika vyenyewe usiku, vinahitaji muda tu. Mtu aliyekaa kwenye redio miaka yote ile alisimama mbele ya mlango wa chuma, akasikia sauti kubwa ya kisanduku cha mbali, akaamini kwamba vile vidogo vya ndani navyo vinasikika.

Ijumaa mgeni alikuja. Ukumbi ulipendeza. Mkuu alifungua ukurasa wa majokofu kwenye skrini kubwa, mistari miwili ya buluu ikatokea, imenyooka vizuri kati ya mbili na nane. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma karibu na swichi, na niliona kile ambacho hakuna mwingine aliyekiona: mistari yote miwili ilikomea saa kumi alasiri ya jana. Baada ya hapo palikuwa peupe. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Baada ya chakula binti yangu alinifuata kwenye ngazi za nyuma. Alikuwa na mkoba wa safari, na mjukuu wangu, wa miaka miwili wakati huo, amemshika mkono. Ukweni kwake, Kalinzi, walikuwa wanamaliza matanga ya babu wa mumewe, na mkamwana asipoonekana siku hiyo husemwa miaka mingi. Msaidizi wake alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Hapakuwa na mwingine wa kusoma.

"Baba, majokofu yangu yanaonekana?"

"Si umeyaona ukumbini?"

"Nimeona picha. Nakuuliza wewe. Kama hayaonekani nibaki, mume wangu atatangulia na mtoto."

"Yanaonekana."

"Kweli, baba?"

"Nenda, mama. Pikipiki inakusubiri. Mtandao niko nao mimi."

Aliniamini. Akamwinua mtoto, mtoto akanipungia mkono, wakaenda.

Nilikuwa na nia ya kukirudisha kisanduku jioni ile. Nia nilikuwa nayo, lakini ngazi ilikuwa imefungiwa pamoja na viti vya kukodi, mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kuswali na hakurudi, nami nilikuwa nimechoka na nimeshiba pilau. Mapazia yangerudi Jumatatu. Viti vingerudi Jumatatu. Nikasema na kisanduku kitarudi Jumatatu pamoja na vyote. Nilikuwa na uwezo wa kuja mwenyewe Jumamosi kusoma kipimo kwa macho. Nyumbani kwangu hadi pale ni mwendo wa dakika ishirini. Sikuja. Nikienda ningekuwa nimekiri, hata kama ni kwa nafsi yangu tu, kwamba nilimdanganya.

Jumamosi mchana umeme ulikatika mji mzima, ukarudi kwa kishindo kama kawaida yake. Majokofu ya stoo yalikuwa na swichi yake ya usalama ukutani, na umeme ulipopiga swichi ile ilijikata. Majengo mengine yote yaliwaka. Stoo haikuwaka. Ndani ya stoo vipima joto viliona joto likipanda, vikaita. Navyo vilikuwa na sauti ndogo.

Jumatatu nilifika saa mbili kasoro. Binti yangu alikuwa ametangulia. Mlango wa chuma ulikuwa wazi, na nje kwenye kivuli cha ukuta walikuwa wamekaa waliokuja kuchukua chanjo za wiki: mwenye pikipiki kutoka milimani na makasha yake ya baridi, muuguzi aliyekuja na boti kutoka Ilagala, na akina mama wa palepale Ujiji na watoto wao. Mama mmoja wa Kiha, mtu mzima, alikuwa akimsalimia kila anayepita, "Mwakeye, mwakeye," na kumchezesha mjukuu wake aliyefikia zamu ya sindano.

Binti yangu alikuwa amesimama mbele ya jokofu lililofunguliwa. Hakuwa analia.

"Nyuzi ishirini na sita," alisema. "Yote mawili."

Nilisogea nikakisoma kipimo mwenyewe.

"Baba, simu yangu haikulia."

"Na yangu haikulia."

Alinitazama kwa muda, kama anayesubiri mtu amalizie sentensi. Kisha akatoka nje kuwaambia waliokuja kwamba hakuna chanjo, na kwamba hajui itapatikana lini. Yule mama wa Kiha alidhani hajasikia vizuri, akauliza tena. Binti yangu akachuchumaa mbele yake akamweleza upya, taratibu, ameshika kiatu kidogo cha yule mtoto.

Kabla ya saa sita nilikuwa nimekirudisha kisanduku mahali pake. Nilifanya hivyo haraka, nikiomba asipite mtu.

Baada ya wiki mbili walikuja watu watatu kutoka ofisi za juu kuchunguza. Siku tatu kabla hawajafika mkuu wa kituo aliniita, safari hii mimi ndiye niliyekwenda kwake. Macho yake yalikuwa yameingia ndani.

"Mzee, wakijua tulitoa kisanduku kwa ajili ya ukumbi, nimekwisha. Mgeni naye ataaibika. Kwa binti yetu litakuwa jambo dogo. Hakuja kusoma Jumamosi, basi, ni barua ya onyo. Mimi mwenyewe nitamsemea."

"Kweli utamsemea?"

"Haki ya Mungu, mzee wangu."

Nadhani wakati anaapa alikuwa na nia ya kweli. Na mimi nilitaka sana kumwamini, kwa sababu aibu aliyokuwa akiikimbia ilikuwa yangu pia. Nilikuwa Mzee wa Waifai.

Tulikaa kwenye ukumbi uleule. Binti yangu alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono juu ya faili lake. Mwenyekiti wao, bwana mmoja mpole mwenye miwani, aliniuliza, "Mzee, Jumamosi na Jumapili zile, mtandao ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Na pale stoo?"

"Nilipima kwa simu mlangoni. Alama ilikuwa imejaa."

Hakuna neno hata moja la uongo hapo. Niliyachagua nikiwa kitandani, siku tatu mfululizo. Wakamgeukia binti yangu wakamuuliza kwa nini hakuja kusoma kipimo kama kanuni ya tangu zamani inavyotaka; ile yetu ya mlangoni hawakuitambua. Alinitazama. Nikatazama meza. Akasema, "Niliamini hapakuwa na haja."

"Nani alikwambia hapakuwa na haja?"

Nilisikia wauza dagaa wakipita barabarani wakinadi.

"Niliona mwenyewe," alisema.

Barua haikuwa ya onyo. Aliondolewa kazini. Mkuu wa kituo alimsemea, nasikia, mara moja, kwa sauti ndogo, na baada ya miezi michache akahamishwa mkoa mwingine. Nami mkataba wangu ulipoisha sikuomba mwingine. Kabla ya kuondoka niliandika barua ya kurasa mbili, nikaeleza kila kitu: nani aliomba, nani alitoa, saa ngapi, na mistari ilivyokomea. Aliyeipokea, kwenye ofisi iliyowatuma wachunguzi, alikuwa mpya kazini, hakumjua yeyote kati yetu. Akaisoma akiwa amesimama.

"Mzee, jambo hili si lilishafungwa?"

"Lilifungwa vibaya."

"Basi tutaliweka kwenye jalada." Akaipiga muhuri. Nimekwenda kuulizia mara nne. Jalada lipo, barua imo ndani yake, na hakuna mwenye sababu ya kulifungua.

Kisha nikapanda Kalinzi kumwambia mwenyewe. Nilimkuta shambani kwa wakwe zake akipalilia kahawa, kitambaa kichwani, jembe mkononi, mtu ambaye alisoma miaka mingi ili ashike sindano. Mama mkwe wake alinipokea vizuri, akanipa ndizi na maharage. Tulipobaki wawili nilimwambia yote, tangu kikombe cha chai. Aliendelea kuchambua maharage kwenye ungo mpaka nilipomaliza.

"Najua, baba."

"Unajua nini?"

"Jumatatu ile nilifika saa moja. Nilikuta kitako ukutani, kitupu, na waya. Nilijua kabla sijafungua mlango."

"Ukajua na hukusema? Hata pale mbele yao?"

"Ningesema mimi, ungekuwa umeumbuliwa na mwanao mbele za watu. Nikasema, baba atasema mwenyewe. Nilikusubiri pale ukumbini. Nikakusubiri na nyumbani. Barua ilipokuja nikaacha kusubiri."

Hakupandisha sauti. Nilitaka apandishe. Nilimwomba msamaha, akasema amenisamehe, kwa adabu ileile aliyoniamkia nayo kazini mwezi wake wa kwanza. Jioni alinisindikiza hadi kwenye pikipiki, akamwambia dereva aendeshe taratibu, akarudi ndani kabla hatujaondoka.

Hiyo ni miaka mitano sasa. Ameomba kazi sehemu tatu, na kila mahali wanauliza kuhusu ile barua ya kuondolewa kazini. Ameacha kuomba. Siku za sikukuu hunipigia simu, ananiamkia, ananiuliza afya, ananiambia mtoto anaendelea vizuri, na mazungumzo yanaisha. Hajashuka Ujiji tangu ahamie kule. Mjukuu wangu sasa anasoma. Nilipokwenda mara ya mwisho alinisalimia kama mgeni, akakimbilia kwa babu yake wa upande wa baba.

Nilisema sawa kwa sababu nilitaka kuonekana mtu anayeweza. Kwa hilo binti yangu alipoteza kazi aliyoisomea, na mimi nimempoteza yeye. Yuko hai, yuko Kalinzi, mwendo wa pikipiki tu kutoka hapa nilipokaa, na hana tena neno la kuniuliza.